Ukwapi na Utao

Mimi ni mtu wa kushuku. Sisemi hivyo kwa kujisifu, nasema ili ujue anayekusimulia ni nani. Mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja, najiuliza anataka nini. Jirani akiniletea ndizi, nazigeuza chini juu kwanza. Na mwaka ule wa sabini na nane tabia hiyo haikuwa aibu hata kidogo. Ilikuwa sifa. Redio ya ofisi ya kijiji ilituambia kila jioni tufungue macho, adui ana vibaraka, na sisi wa mpakani tuliyafungua mpaka yakatuuma.

Mkoa wetu ulikuwa ungali unaitwa Ziwa Magharibi. Vita vilikuwa kaskazini, mbali nasi, lakini malori ya kuchukua vijana wa mgambo yalifika mpaka kwetu upande wa Bukiriro. Mdogo wangu Philbert aliondoka na lori la pili akiwa amevaa shati langu la mvua. Mwezi ukapita bila barua yake hata moja. Kila asubuhi niliamka nikiwa na hasira na mtu ambaye sikumjua, na mtu mwenye hasira ya namna hiyo anahitaji tu kupewa jina la kukasirikia.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa. Kwetu Kiswahili si lugha ya jikoni. Jikoni ni Kihangaza. Kiswahili ni nguo ya kutokea, unaivaa kwenda shule, sokoni na ofisini, ukirudi nyumbani unaitundika. Mimi niliivaa kutwa. Nilisoma kwa masista mpaka darasa la nane, na watu wakaniletea kila neno lililowashinda: neno la mahakamani, neno la kwenye chupa ya dawa, neno la barua ya mkwe. Kwa miaka sita sikumwambia mtu hata mmoja "sijui." Neno lisilokuwa na maana kichwani mwangu nililitafutia maana hapohapo, likaondoka limevaa vizuri. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Mwezi wa sita mwaka huohuo alihamia kwetu Msukuma mmoja, Malongo Ndassa, akitokea Shinyanga kupitia Biharamulo. Alikuja na mkewe kijana aitwaye Nshoma, na ng'ombe tisa. Nilimshuku kabla hajafungua mzigo. Msukuma anayehama na ng'ombe tisa tu, wengine kawaachia nani? Kamati ya kijiji ikampa kiwanja ng'ambo ya shamba la mihogo la ujamaa, mkabala na nyumba yangu. Kwa hiyo nilimwona kila siku.

Na niliyoyaona hayakunipendeza. Alikuwa akichunga ng'ombe huku midomo inacheza bila sauti. Alikuwa akigonga vidole vyake kwa kidole gumba, kimoja kimoja, mkono huu kisha mkono ule, anasimama, anatikisa kichwa, anaanza upya. Nilijificha nyuma ya mihogo nikahesabu naye. Nane. Anapumua. Nane tena. Nikajiuliza, ana nini cha kuhesabu nane nane wakati ng'ombe wake ni tisa?

Mkewe nilimpenda, nikiri hilo. Nshoma aliandikishwa kisomo wiki ya pili tu. Alikaa benchi la mbele, akanisalimia "Shikamoo Mwalimu" kwa sauti ya mtu anayefurahia kusalimia, na aliandika herufi kubwa kama vichuguu. Kila Ijumaa nilichukua daftari lake nikalisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikaishia pale alipoishia kuandika. Sikuwa na sababu ya kufunua zaidi.

Mwishoni mwa Novemba, Gervasi Bukuru alikuja nyumbani kwangu mchana, mvua inanyesha. Gervasi alikuwa katibu wa kijiji, mtu mfupi mwenye haraka. Alivua kofia yake na kutoa ndani yake karatasi iliyokunjwa.

"Mwarimu," alisema, maana ulimi wake mara nyingi haukupatana na l, "soma hii porepore, kisha uniambie tunakaa na nani hapa kijijini."

Ilikuwa barua ya Malongo. Alikuwa amempa utingo wa lori la mahindi ampelekee fundi cherehani mmoja aitwaye Telesfori, pale njia panda ya Nyakanazi. Mgambo wa kizuizini wakampekua utingo, wakaikuta kwenye soksi. Nani huweka barua njema kwenye soksi? Nilikumbuka baadaye kwamba ilikuwa mvua na soksi ndiyo iliyokuwa kavu. Siku ile sikuwazia hilo. Niliisoma mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti:

"Ndugu Telesfori. Zako nimezipata na nimezipima zote. Kituo chako ni dhaifu, mtu hodari atakivunja mara moja. Upande wa ukwapi mizani imezidi, punguza moja. Upande wa utao imepungua, ongeza moja, ziwe nane kwa nane. Vina vya kati umevichanganya, hapo watatushika. Ukiamua kubadili bahari nijulishe mapema. Mimi natuma zangu sita Jumapili. Usimwonyeshe mtu mpaka zipite redioni. Wako, Mwewe."

"Mwewe!" alisema Gervasi. "Mtu ana jina la ubatizo na jina la babu yake, Mwewe anatoka wapi?"

Niliona malori, nikamwona Philbert na shati langu.

"Kituo naelewa," Gervasi aliendelea. "Ni kituo chetu cha mgambo kule kivukoni, hakuna kingine. Lakini hii ukwapi ni nini? Na hii utao? Nimemuuliza mwenyekiti, hajui. Nimemuuliza katekista, hajui. Wakasema, mpelekee Mwarimu Domisiana."

Hapo ndipo ningeweza kusema neno moja tu na mambo yangekuwa mengine. Sikuwa nimewahi kusikia ukwapi, wala utao. Lakini mbele yangu alikuwa amesimama mtu aliyelowa, katibu mzima, aliyepita mlango wa mwenyekiti na wa katekista kuja kwangu. Nikavuta kiti, nikakaa kama hakimu.

"Ukwapi," nilisema, "linatokana na kwapa. Kwapani ni ubavuni, mahali pa kufichia kitu. Kwa hiyo ukwapi ni ubavu wa kilima, upande usioonekana kutoka barabarani."

"Enhe."

"Utao linatokana na tao. Tao ni mkunjo. Utao ni pale mto unapojikunja."

Gervasi akashika kichwa. "Kivukoni mto unajikunja! Na kilima kiko ubavuni!"

"Ndiyo maana yake," nilisema, nami kwa kweli niliiona. Nilikuwa nimeumba ramani kwa maneno mawili na ramani ikalingana na nchi. Basi nikaendelea, nani angenizuia? Mizani ni uzito wa silaha. Nane kwa nane ni watu, wanane huku na wanane huku. Vina ni kina cha maji, bahari ni ziwa. Redioni ni ishara. Gervasi aliandika yote kwa penseli nyuma ya fomu ya mbolea, akaniomba nitie sahihi, nikatia. Nikaongeza na cheo.

Kesho yake asubuhi ilikuja Landrova ya askari. Malongo alikuwa anakamua. Walimruhusu kuweka kibuyu chini, wakampandisha. Kutoka mlangoni kwangu nilimsikia akisema kwa sauti, si ya kelele, "Ni mambo ya mashairi, ndugu zangu, ni mashairi tu," na mmoja akamjibu, "Utayaimba huko."

Neno hilo la mashairi lilinichoma kidogo. Nilimwuliza Gervasi jioni.

"Ndivyo anavyodai," alisema. "Mashairi! Wewe umeona wimbo wowote katika ile barua?"

Sikuwa nimeona. Mashairi niliyajua mimi, nilifundisha ngonjera za sherehe za Chama, niliimba kwaya. Katika nyimbo za kanisa kuna ubeti na kiitikio, hakuna ukwapi. Nikajiambia kwamba kitu ambacho mimi sikijui katika mashairi hakimo katika mashairi. Nililala usingizi mzuri siku hiyo.

Na dalili zilizidi kunipa moyo. Majirani waliona moshi nyuma ya nyumba ya Malongo saa ileile Landrova ilipoondoka. Nshoma alikuwa ametupa daftari nene la mumewe motoni, na walipomkimbilia lilikuwa limekwisha kuwa majivu. Asiye na kosa anachoma nini? Askari walipofika Nyakanazi walimkosa fundi Telesfori. Kibanda kimefungwa kwa kufuli, cherehani ndani, gauni la mtu limeshonwa mkono mmoja tu. Kila mtu alisema alikuwa anajua tangu zamani. Mama mmoja aliapa kwamba maziwa ya wale ng'ombe tisa yalikuwa na ladha ya chuma.

Malongo aliwekwa mahabusu ya wilayani. Sitaitaja ni ipi, kwa sababu wa pale walifuata neno langu, na neno lilikuwa na sahihi.

Jambo moja tu halikukaa sawa. Nshoma hakuacha kisomo. Nilidhani atajificha au atarudi kwao. Alikuja Jumatatu, akakaa benchi lake la mbele, na wenzake wote wakahamia la nyuma. Hakuniamkia. Alifungua daftari, akaandika nilichoandika ubaoni, akafunga, akaenda kukamua. Siku ya pili vivyo hivyo. Nilianza kumshuku upya. Ametumwa kunichunguza, nilijiambia. Anapeleka habari za darasa. Habari gani, sikujiuliza. Habari kwamba tumefika kwenye "nyumba" na "nyama"?

Ijumaa ya tatu nilikusanya madaftari kama kawaida. La Nshoma alilileta mwenyewe mezani, akaliweka likiwa limelala kifudifudi, jalada la nyuma juu. Nikaligeuza. Akaligeuza tena.

"Mwanzo wa daftari ni huku," nilimwambia.

"Najua mwanzo," alisema. "Wewe anza huko."

Akabaki amesimama. Nilifunua jalada la nyuma kwa ncha ya kidole, kama mtu anayefunua chungu cha mwenzake. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mwandiko mwingine, wa Malongo, ule wa barua. Mistari minne:

Shika kalamu mwenzangu, andika nami nione,
Jembe nimelipa fungu, herufi sasa tuvune,
Akili haina pingu, pole pole ziungane,
Jina lako jina langu, yakae yafuatane.

Katikati ya mistari, kuanzia juu mpaka chini, alikuwa amepiga mstari wa penseli, akakata ubeti mapande mawili. Juu ya pande la kushoto aliandika kwa herufi za kufundishia mtoto: UKWAPI. Juu ya pande la kulia: UTAO. Pembeni mwa mstari wa nne: KITUO. Chini kabisa: mizani 8, mizani 8.

Nilihesabu kwa vidole bila kutaka. Shi-ka-ka-la-mu-mwe-nza-ngu. Nane. A-ndi-ka-na-mi-ni-o-ne. Nane. Nikarudia mstari wa pili, wa tatu, wa nne. Nilihesabu mpaka vidole vikawa baridi. Mbele za macho yangu mto ule wote niliouchora ukakauka, kilima kikaondoka, watu wanane na wanane wakaondoka, ikabaki karatasi ya mtu anayemfundisha mkewe kusoma.

"Alikuandikia lini?" niliuliza.

"Mwezi wa nane. Alisema, ukifika kujua helufi zote, usome hapa mwenyewe bila mimi." Nshoma alikuwa na l yake kila mahali. "Mwalimu, kijiji kinasema wewe ndiye uliyewafafanulia. Uliwaambia utao ni nini?"

Daftari hilo lilikuwa limepita mikononi mwangu Ijumaa zaidi ya kumi.

Nikanyoosha mkono kulichukua. Akaliwahi, akalificha chini ya khanga.

"Hapana," alisema. "Mlichukua balua, mkamchukua yeye. Mkichukua na hili, mtanichukua mimi."

"Nataka kulipeleka wilayani, nikawaonyeshe."

"Au ukalichome. Mimi nilichoma la kwake kwa woga. Beti zake za miaka sita, Mwalimu, nilidhani namwokoa. Na wewe una woga, nakuona."

Alikuwa na haki ya kunishuku, na alinishuku vizuri kuliko mimi nilivyowahi kumshuku mtu. Kwa sababu lilinipitia kweli. Si kulichoma, hapana. Lilinipitia wazo la kungoja. Nani angejua? Angetolewa siku moja kwa kukosa ushahidi, nami ningebaki Mwalimu. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Basi twende wote," nilisema. "Ulishike wewe."

Tulipanda lori la chumvi kesho yake. Njia nzima Nshoma alikaa mbali nami, mikono miwili juu ya tumbo pale daftari lilipo. Kila lori liliposimama kizuizini alinitazama kwanza mimi, halafu mgambo. Alikuwa akingoja niseme, "Huyu hapa, mkamateni." Mimi nami nilikuwa namngoja aruke akimbie. Tulikwenda hivyo kwa saa tano, wanawake wawili na magunia.

Mkuu wa pale alikuwa mtu mwembamba mwenye nyota mbili begani na mafua. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa jalada, akasoma maelezo yangu ya kwanza, akayaweka mezani.

"Juzi utao ni mto," alisema. "Leo utao ni nusu ya mstari. Kesho utakuwa nini?"

"Leo ni kweli, Afande. Juzi sikujua."

"Hapa umetia sahihi unajua. Na cheo umeandika." Akapenga kamasi. "Nimeweka vijana sita kwenye ule mkunjo wa mto, mama. Wiki ya tatu hii, kwenye mvua. Mmoja ana homa ya mapafu. Wanalinda nini?"

Nilitazama sahihi yangu pale mezani.

"Nani amekutuma?" aliuliza ghafla. "Ndugu zake wamekupa nini? Ng'ombe?"

Ndiyo kwanza nikaonja kushukiwa kulivyo. Unasema kweli tupu, na mtu mbele yako anatafuta kilichofichwa chini yake, na kadiri unavyoapa ndivyo anavyozidi kutafuta. Nilikuwa nimekaa upande ule wa meza maisha yangu yote. Upande huu sikuujua.

Nshoma ndiye aliyetuokoa. "Muulize yeye," alisema, "mtu asimwonyeshe daftari. Mpe kalatasi tupu."

Mkuu alimtazama, akafikiri, akamwita askari. Malongo hakuletwa kwetu. Alipewa karatasi chumba cha pili, akaambiwa aandike shairi lolote na ataje viungo vyake. Tulisikia kiti kikiburutwa. Askari alirudi na karatasi. Ilikuwa mistari mingine, ya njaa na kunguni, imekatwa katikati. Kushoto ukwapi. Kulia utao. Mstari wa mwisho, kituo. Chini, jina lake la utunzi: Mwewe. Mkuu aliiweka kando ya daftari, akapeleka kidole huku na huku.

"Soma hii," alimwambia Nshoma, akimwonyesha ukurasa wa mwisho.

"Najifunza bado."

"Soma."

Nshoma akashika daftari kwa mikono miwili. Alisoma kwa kuunganisha, shi, ka, shika, ka, la, mu, kila herufi akiitoa kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha. Alipofika "jina lako jina langu" ukuta wa chumba cha pili ukagongwa mara moja, taratibu, na sote tukajua Malongo anasikia. Nililia. Nilijizuia, nikashindwa, nikalia mbele ya askari.

Mkuu aliniwekea karatasi. "Andika. Si mashairi."

Niliandika: Mimi Domisiana, mwalimu wa kisomo, sikujua maana ya maneno ukwapi na utao. Maana niliyotoa niliibuni mwenyewe. Akasoma, akasema nakala itakwenda kwa ofisa elimu, nisitegemee kurudi darasani. Kisha akamwita Malongo, akaniamuru niisome kwa sauti yeye akiwa amesimama pale. Alikuwa amekonda, ndevu zimechipua, hana mkanda. Nilisoma. Sikumtazama.

Tulirudi watatu. Ndani ya lori Nshoma alimweleza mambo kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini. Mimi sielewi Kisukuma. Nilikuwa na hakika wananisema mimi, nilisikia jina langu katika kila neno. Kumbe hakuwa akinisema. Nilijua pale Malongo alipouliza kitu kifupi, naye Nshoma akaonyesha kwa viganja unene wa daftari, kisha akapuliza vidole hewani kama majivu. Malongo akageuka akatazama barabara iliyokuwa inabaki nyuma.

Kijijini tulimkuta Gervasi barabarani na watu kadhaa. Hakuna aliyempa Malongo mkono. "Wamemwachia ili wamfuate nyuma," nilimsikia Gervasi akimnong'oneza mwenyekiti. Nikasimama nikasema mbele yao wote kwamba sikujua, kwamba nilibuni, kwamba yule ni mtu wa mashairi basi. Wakanisikiliza kwa adabu. Gervasi akanivuta pembeni. "Mwarimu, nasi tunajua wewe hukosei. Wamekutisha, au sivyo?"

Hata kosa langu walikataa kuniachia.

Tulipofika kwenye shamba la mihogo, pale njia inapogawanyika, kwangu huku na kwao kule, Malongo akasimama.

"Mwalimu," alisema, "nimekaa siku kumi na tisa nikiwaza jambo moja. Kutoka kwako mpaka kwangu ni shamba hili tu. Barua ulikuwa nayo mkononi. Mbona hukuja kuniuliza?"

Nilikuwa na majibu mengi. Vita. Philbert. Soksi ya utingo. Nikayameza yote.

"Niliogopa utajua kwamba sijui," nilisema.

Nilitafuta hasira usoni pake, ningeishukuru hasira, sikuipata.

"Ungekuja tu," alisema. "Tangu nihamie huku nilikuwa natafuta mtu mmoja wa kumwambia maneno hayo. Nilikuwa nikikuona pale nyuma ya mihogo unahesabu nami, nikasema, huyu ndiye, ipo siku atavuka."